Mguu Usiochechemea

Simama siku moja asubuhi kando ya njia inayopanda kutoka upande wa ziwa kwenda Nyawera, utazame miguu ya watu, usitazame nyuso zao. Utaona mmoja anakwenda upesi, mwingine anaburuta kandambili, mwingine anakanyaga kwa ubavu wa unyayo kwa sababu kiatu chake kimelika upande mmoja. Tena utamwona mmoja anachechemea. Huyo watu humhurumia, humwambia, "Pole, mama," nao wana haki. Lakini mimi nasema yuko mwingine wa kuhurumiwa zaidi. Ni yule mwenye kidonda chini ya unyayo, upana wa sarafu, anayepita katikati ya watu kwa mwendo ulionyoka kana kwamba hana neno.

Kwa nini hachechemei? Kwa maana haumwi. Na kwa nini haumwi, naye ana shimo katika nyama yake? Hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe, na hapo ndipo wengi wetu tunapokosa kuelewa.

Ugonjwa wa sukari ukikaa mwilini miaka mingi bila kutunzwa vema, huharibu mishipa ya fahamu, ile inayopeleka habari kutoka miguuni mpaka kichwani. Huanza na mishipa iliyo mirefu kuliko yote, ndiyo maana vidole vya miguu hutangulia. Mwanzo watu wengi husikia kama wanachomwa sindano usiku, au nyayo zinawaka moto hata hawataki blanketi iguse miguu. Halafu moto ule unapoa. Mgonjwa hufurahi, husema amepona. Hajapona. Mishipa imenyamaza tu. Tangu siku hiyo mguu wake ni kama lupango ambalo mlinzi wake amelala: mwizi aingie, atoke, hakuna atakayepiga kelele.

Sasa fikiri juu ya mwendo wako mwenyewe, wewe ambaye mishipa yako ni mizima. Umevaa kiatu kinachobana. Baada ya hatua chache unaanza kukanyaga kidogo upande wa nje, halafu unafupisha hatua, halafu unatafuta jiwe la kukalia. Hukupanga jambo hilo. Mguu wenyewe ulikuomba, nawe ukautii bila kufikiri. Siku nzima tunafanya hivyo, tunahamisha uzito kidogo huku na kidogo huku, ili mahali pamoja pasichoke kupita kiasi. Kuchechemea ni kazi hiyo hiyo, ila imekuwa kubwa mpaka watu wanaiona. Mwenye ganzi miguuni hapati habari hiyo. Yeye hukanyaga mahali pale pale, kwa nguvu ile ile. Mtu akipiga hatua 6,000 kwa siku, kila unyayo umekanyaga chini mara 3,000, na kwa juma moja ni mara 21,000. Ngozi gani itavumilia?

Tena si ganzi peke yake. Mishipa ile ile ndiyo inayoamrisha nyama ndogo za mguu. Zikidhoofika, vidole hujikunja kama kucha za tai, na mafuta yale laini yaliyo chini ya mifupa, ambayo ni kama godoro la unyayo, husogea mbele na kuacha mifupa ikigonga ngozi. Maungo hukakamaa kwa ajili ya sukari iliyozidi, na ule mshipa mnene ulio nyuma ya kisigino hukaza. Basi kisigino huinuka upesi kuliko inavyopasa, na uzito wote wa mwili huangukia sehemu ya mbele, nyuma kidogo ya kidole gumba. Chunguza vidonda vya watu wa sukari: vingi viko pale, au kwenye ncha za vidole.

Nasi hapa tunaishi mahali gani? Nyalukemba ni mtaa wa miteremko, na Bukavu yote ni hivyo, mji uliojengwa juu ya rasi na vilima, mita kama 1,500 kutoka usawa wa bahari. Ukipanda kilima, uzito unakaa mbele ya unyayo. Ukishuka, vidole vinasukumwa kwenye ncha ya kiatu. Tena mama zetu hupanda na kushuka wakiwa na mzigo mgongoni, kamba kwenye paji la uso. Mama mwenye kilo 60 akibeba unga wa kilo 30, mguu wake hauulizi ni kilo zipi zilizo za mwili na zipi zilizo za soko. Unabeba zote 90.

Kabla ya kidonda kuna sugu. Wazee wetu waliisifu sugu, wakasema ni kiatu alichopewa mtu bila kununua, na kwa mtu mzima si uongo. Lakini kwa mwenye ganzi sugu ni kama jiwe lililonaswa ndani ya kiatu, nalo halitoki. Huko Uingereza mwaka 1992 waganga walipima nguvu inayokandamiza unyayo wa wagonjwa wa sukari kabla na baada ya kuondoa sugu. Baada ya kuiondoa nguvu ile ilipungua karibu robo. Chini ya sugu nyama husagika polepole, damu hukusanyika, na siku sugu inapopasuka mtu husema, "Kidonda kimetokea leo." Kumbe kimekuwa kikitengenezwa muda mrefu, hatua kwa hatua. Ukiona sugu ina doa jeusi au jekundu ndani yake, usingoje. Wala usiikate kwa wembe nyumbani. Muuguzi ataipunguza, naye anaona anapokata.

Watu husema mengi juu ya vidonda hivi. Wengine husema ni karuho. Wengine husema mgonjwa amekanyaga dawa iliyotegwa njiani. Sicheki nao, kwa maana wameona jambo la ajabu kweli: mguu unaoza bila maumivu, wala hakuna aliyeumiza. Ni kweli pia kwamba mgonjwa amekanyaga kitu. Amekanyaga njia yake ya kila siku. Na wale wanaosema "damu yake ina sukari, basi vidonda vyake haviponi kamwe" wamesema nusu tu ya neno. Sukari ikizidi huchelewesha kupona, nayo lazima ishushwe. Lakini vidonda vingi vya unyayo haviponi kwa sababu iliyo rahisi zaidi, yaani vinakanyagwa.

Jambo hili lilifahamika kwanza katika ugonjwa mwingine. Mwaka 1946 mganga Mwingereza Paul Brand, mwana wa wamisionari, alikwenda kufanya kazi katika hospitali ya misioni ya Vellore, kule India. Huko alikuta watu wenye ukoma ambao nyayo zao zilikuwa na mashimo, nao watu wote waliamini kwamba nyama ya mwenye ukoma huoza yenyewe. Brand alichunguza kwa bidii akaona kwamba nyama ile ilikuwa na uwezo wa kupona kama nyama yako na yangu. Kilichokosekana kilikuwa maumivu. Mgonjwa alikuwa akitembea juu ya kidonda chake mpaka mifupani, naye akicheka na rafiki zake. Walipoufunga mguu ndani ya plasta, ili uzito ugawanyike unyayo wote na mguu mpaka chini ya goti, vidonda vya miaka mingi vilifunga. Mwaka 1966 Brand alihamia Carville, katika jimbo la Louisiana, Marekani, na baadaye dawa hiyo ya plasta ikatumika kwa wenye ugonjwa wa sukari, kwa maana mguu wao ulikuwa na shida ile ile. Magonjwa mawili ambayo hayana undugu, na mwendo mmoja.

Nimefika sasa kwenye neno ninalotaka kulisema waziwazi, hata kama litawachukiza wengine. Tunatumia fedha nyingi mahali pasipofaa. Mgonjwa anakuja na kidonda safi cha unyayo, hakina usaha, wala hakina harufu, wala mguu haujavimba. Anaoshwa, anafungwa bandeji nyeupe, ananunuliwa vidonge vya kuua vijidudu, na jamaa wanauza mbuzi kulipa. Halafu anavaa kandambili anashuka kilima kwenda nyumbani, na kesho kutwa anakipanda tena ili abadilishwe bandeji. Bandeji ni nzuri, na usafi ni lazima. Lakini waganga wa mataifa mengi wanaoandika kanuni za mguu wa sukari wanasema wazi kwamba kidonda kisicho na dalili za vijidudu hakihitaji vidonge hivyo. Kinachotangulia kwa kidonda cha unyayo, walisema tena mwaka 2023, ni kukiondolea uzito, na kwa kifaa kinachofika karibu na goti ambacho mgonjwa hawezi kukivua mwenyewe. Kwa maneno mengine, ni plasta ya Brand au ndugu yake. Kidonda kilichofungwa hivyo mara nyingi hufunga kwa majuma 6 au 8. Kisichofungwa hivyo, hata ukikiosha kwa dawa ya bei kubwa, unaweza kukiosha mwaka mzima.

Mtu atauliza, kwa nini kifaa kisichovuliwa? Je, mgonjwa si mtu mzima, hawezi kuambiwa akatii? Jibu liko katika hesabu moja ya Marekani ya mwaka 2003. Wagonjwa 20 wenye vidonda vya unyayo walipewa viatu virefu vya kukinga mguu, vya kuvaa na kuvua. Bila kuwasumbua, vyombo vidogo vilihesabu hatua zao zote na hatua zile walizopiga wakiwa wamevaa. Katika kila hatua 100, walikuwa wamevaa katika hatua 28 tu. Hawakuwa wakaidi. Wewe pia, kama mguu haukuumi, ungekivaa kitu kizito kila unapokwenda jikoni? Mwenye maumivu hahitaji kukumbushwa. Asiye na maumivu husahau, hata akiwa na akili kuliko mganga wake.

Neno la kuonya hapa. Plasta hii si ya kufanyiwa nyumbani, wala si ya kila mguu. Mguu wenye usaha, au wenye sehemu nyeusi, au wa baridi usio na damu ya kutosha, ukifungwa ndani ya plasta unaweza kupotea. Na plasta iliyofungwa vibaya juu ya mguu wenye ganzi huchonga kidonda kipya, naye mwenyewe hasikii. Lazima ifungwe na mtu aliyefundishwa, ikafunguliwe na kutazamwa kwa siku alizoagiza. Pasipo na mtu wa namna hiyo, kuna magongo, kuna kiti, kuna godoro. Hivyo havina ufundi mwingi, lakini vinafuata sheria ile ile.

Najua mama mmoja akisoma haya atasema, "Majuma 8 nikae, na watoto wale nini?" Hili ni swali la haki, wala sitalijibu kwa maneno matamu. Mama anayeuza sokoni hana mshahara wa kungojea. Lakini nitamwuliza naye: majuma 8, au miaka iliyobaki? Katika kila watu 100 wa sukari wanaokatwa mguu, kama 85 walianza na kidonda. Umewahi kuona mtu wa mguu mmoja akishuka mteremko wa udongo siku ya mvua, mwezi wa 4, akiwa na magongo? Hafiki sokoni. Mara nyingi hatoki hata kwake.

Kwa hiyo nasema kidonda hiki si cha mgonjwa peke yake. Ni cha nyumba nzima. Kila nyumba ina hatua zake za siku: za maji, za makala, za soko, za ibada, za kumtazama shangazi aliyelazwa. Andikeni hatua hizo, mzigawe. Bidoni la maji libebwe na kijana ambaye amekuwa akikaa na simu yake. Mzigo wa soko upande pikipiki, na mama auze akiwa ameketi, mguu umewekwa juu ya kigoda. Wageni wakija, mama asiinuke. Hili la mwisho ni gumu kuliko yote kwetu, kwa maana mama asiyeinuka kumpokea mkwe wake ataonekana hana adabu. Basi baba wa nyumba aseme mwenyewe mlangoni, "Mama amekatazwa na mganga kukanyaga," akamwondolee aibu hiyo.

Wengine watanipinga kwa upande mwingine. Watasema, "Ninyi watu wa hospitali mlituambia kutembea ni dawa ya sukari. Leo mnatukataza?" Hatukatazi kutembea. Mtu wa sukari ambaye unyayo wake ni mzima atembee, tena atembee kila siku; mwendo hushusha sukari na kuimarisha moyo. Hata mwenye ganzi asiye na kidonda anaweza kutembea, akiwa na kiatu kizuri na akitazama miguu yake kila jioni. Apige hatua fupi na za polepole, kwa sababu hatua ndefu ya haraka hukandamiza zaidi mbele ya unyayo. Asiongeze mwendo ghafula. Aliyezoea kwenda mpaka dukani asiende siku moja kwa miguu mpaka Bagira kwa ajili ya msiba. Lakini kidonda kikitokea, mwendo umekwisha kuwa sumu mpaka kifunge. Anayetaka kushusha sukari wakati huo na afanye kazi kwa mikono akiwa ameketi.

Juu ya kiatu nina mengi. Rasi moja ya mji wetu yaitwa La Botte, yaani buti, na kwa mji wenye buti katika ramani, wazee wetu wanavaa vibaya mno. Kandambili hushikwa kwa vidole. Vidole visivyosikia havishiki, nayo huchomoka njiani na mwenyewe akaendelea bila kujua. Mzee akikuambia, "Kandambili yangu ilinitoka, mtoto ndiye aliyeniambia," usicheke. Amekueleza ugonjwa wake. Kiatu cha ngozi kilichokwisha kuvaliwa, cha bei ndogo sokoni, nacho kina neno lake: kimeshika mwendo wa mtu mwingine. Kama mwenyewe wa kwanza alikanyaga upande wa ndani, soli imelika huko, nawe utalazwa huko kila hatua. Ukikinunua, kiweke juu ya meza, ukitazame kwa nyuma kama kimesimama wima.

Mwenye ganzi hupenda kiatu kinachobana, kwa sababu kisichobana hakisikii mguuni. Basi asiamini mguu, aamini karatasi. Akanyage juu ya karatasi akiwa amesimama, jioni, wakati miguu imevimba kidogo. Achore kando ya unyayo wote, akate, aingize karatasi ile ndani ya kiatu. Ikijikunja, kiatu ni kidogo, hata kama ni kizuri namna gani. Viatu vya tairi vya mafundi wetu sivichukii. Soli yake haipitwi na msumari kwa urahisi. Ila ni ngumu, basi fundi aweke juu yake sponji nene ya kukanyagia, na kamba zake zifunike kisigino, wala asipige misumari. Agundishe na kushona. Kila unapovaa, tia mkono ndani kwanza. Vijiwe, vifuniko vya chupa, hata funguo ya nyumba vinaweza kukaa ndani ya kiatu cha mwenye ganzi mchana kutwa. Na watu wa Kivu tunajua safari zinazokuja bila taarifa; Februari 2025, vita vilipofika Bukavu, wengi waliondoka kwa miguu. Kiatu cha mgonjwa wa sukari kikae karibu na kitanda chake pamoja na dawa zake.

Katika nyumba yenyewe pia avae kiatu. Usiku wa baridi asiote miguu kwenye mbabula, maana ngozi itaiva naye akizungumza tu. Kule Dar es Salaam mganga Zulfiqarali Abbas wa Muhimbili, ambaye pamoja na wenzake waliwafundisha waganga na wauguzi wengi wa Tanzania kazi ya mguu wa sukari, aliandika na wenzake mwaka 2005 juu ya wagonjwa walioumwa na panya miguuni usiku, wakagundua asubuhi kwa kuona damu. Soksi na chandarua kilichochomekwa vema havigharimu sana.

Kuna mguu mmoja unaowadanganya hata watu wa hospitali. Hauna kidonda. Umevimba, ni mwekundu, nao ni wa moto kuliko mwenzake, lakini haumi sana. Watu hudhani ni kuteguka, wanaukanda kwa maji ya moto, mgonjwa anaendelea na safari zake. Ndani mifupa inavunjika kidogo kidogo chini ya uzito, mpaka tao la unyayo linaanguka na mguu unakuwa kama sehemu ya chini ya mtumbwi. Mguu huo usikandwe, wala usikanyage chini hata mara moja mpaka mganga auone. Nyuma ya mkono wako ni kipimo kizuri: gusa mguu huu, gusa na ule, mahali pale pale. Wataalamu wenye vipimajoto wanaogopa tofauti ya digri 2.2 ikidumu siku mbili. Mguu ulio moto umekwisha kutembezwa kupita kiasi.

Jioni ya leo fanya jambo moja na mzee wako mwenye sukari. Alale chali, miguu wazi, macho amefumba. Mwambie, "Baba, sema kulia au kushoto unaposikia naguswa." Uguse kwa ncha ya kidole chako, kwa wepesi kama unyoya, muda wa sekunde moja au mbili, usisukume wala usikwaruze: kidole gumba cha mguu, kidole cha katikati, na kidole kidogo cha mwisho, mguu wa kulia na wa kushoto, mara 6 kwa jumla. Usirudie mahali alipokosa, kwa maana wazee wengine hubahatisha ili wasikuhuzunishe. Akikosa mara 2 au zaidi, ana ganzi. Halafu ugeuze nyayo zake kwenye taa utazame katikati ya vidole na chini ya kidole gumba. Ukikuta sugu yenye doa au ngozi iliyofunguka, mpeleke hospitali kesho asubuhi, naye asiende kwa miguu.